Ua la Heru Juu ya Mchanga wa Kagunga

Ukipanda boti Kibirizi asubuhi kuelekea kaskazini, unaipita Mtanga, unaambaa na milima ya Gombe, unaiacha Mwamgongo, kisha Bugamba, kisha Zashe, na kila kituo abiria wanazidi kupungua. Kagunga ni ya mwisho. Mbele yake ni Burundi. Miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto pale, hapakuwa na barabara ya gari. Ulikuja kwa maji au uliteremka mlima kwa miguu. Milima yenyewe inashuka karibu mpaka ziwani, hivyo ardhi tambarare ni haba, na kila kipande kilikuwa na kazi yake: michikichi, muhogo, migomba, na mchanga wa kuanikia dagaa. Mwenye kiwanja asipokipanda chakula, watu walimzungumza.

Mama yangu alitenga kipande nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, akapanda ua lisiloliwa, lisilokamuliwa mafuta wala kupelekwa sokoni. Lilikuwa haidrenjia. Jina hilo nimelijua ukubwani. Nyumbani tuliliita ua la Heru, kwa sababu shangazi alilileta kutoka Heru Juu, Kasulu, alikoolewa.

Heru Juu ni nchi ya baridi. Ndiko alikotawala Mwami Theresa Ntare tangu mwaka 1946, mwanamke akiwa juu ya kiti cha Heru, katika Buha, nchi ya Waha, na wazee wa upande wa baba walimtaja kwa heshima kila walipozungumzia kwao. Asubuhi kule ukungu unakaa juu ya migomba hadi watoto wamefika shule. Haidrenjia za shangazi zilisimama pande zote mbili za mlango, zimefika kifuani mwa mtu mzima, na hakuna aliyezimwagilia. Mvua ilizitosha. Maua yake yalikuwa ya buluu, makubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Mama alipokwenda kule kwenye msiba aliyaona, na hata kabla ya matanga kuanuliwa alikuwa ameshamwambia shangazi, “Wifi, nikatie.”

Shangazi alikuja mwenyewe na vijiti. Alichagua machipukizi ya mwaka ule yasiyokuwa na ua, kila kimoja kirefu cha shibiri moja, akayachomeka ndani ya kipande cha mgomba mbichi. Mgomba una maji mengi, na kitu kilichochomekwa humo hakikauki upesi. Akasafiri na kipande hicho mapajani, lori la Kasulu hadi Kigoma mjini katika vumbi la njia ile, kisha boti kutoka Kibirizi, akikifunika kwa khanga kila jua lilipochoma. Alipofika pwani ya Kagunga watu walimpokea mizigo ya maharage, na kile kipande cha mgomba akakataa kumpa mtu.

Mama alivipanda kwenye makopo ya mafuta ya Kimbo yaliyotobolewa matako. Alichanganya mchanga wa ziwani na udongo mweusi aliouchota chini ya mwembe, akaondoa majani ya chini, na yale mawili ya juu akayakata nusu kwa mkasi. Jani la ua hili ni pana, lina meno pembeni, na linapoteza maji kwa kasi. Kijiti kisicho na mizizi hakiwezi kulilisha jani zima. Makopo yakakaa kivulini mwa mwembe, na sisi watoto tukakatazwa kuvuta vijiti kuona kama vimeshika. Mtu akivuta anakata mizizi ile myeupe ambayo ndiyo kwanza inatoka. Ulipopita kama mwezi hivi, mama mwenyewe akakigusa kimoja kwa vidole viwili, kikamkatalia. Akacheka peke yake.

Mahali alipolipanda hapakuwa pa kubahatisha. Kagunga inatazama magharibi. Milima iko mgongoni, kwa hiyo asubuhi jua linachelewa, na kijiji kinakaa kivulini wakati wavuvi wanashusha dagaa. Jua kali ni la alasiri, linapokuja mara mbili, mara moja toka angani na mara ya pili toka juu ya maji. Ua lililokulia kwenye ukungu wa Heru lingeungua siku hiyohiyo. Nyuma ya nyumba, upande wa mlimani, lilipata jua la saa tatu na saa nne, kisha paa la nyumba likalifunika mchana wote. Usiku hewa ya baridi ilishuka kutoka milimani ikapita hapo kabla ya kufika ziwani. Nimekuja kusoma baadaye kwamba haidrenjia huhitaji majuma kadhaa ya usiku wa ubaridi ili itunge vichomozi vya maua, na kwamba kwenye joto la mwaka mzima huota majani tu. Mama hakusoma hilo popote. Alisimama nyuma ya nyumba jioni, akasikia ubaridi shingoni, akasema, “Hapa.”

Adui wa kwanza alikuwa mbuzi. Majani ya haidrenjia yana sumu kwa mifugo, na mbuzi wa jirani aliyeyatafuna alilala siku nzima amejikunja, tumbo limemvimba. Hakufa, lakini ugomvi nusura uvuke ua wa nyumba. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa, mtu wa maneno machache, na hakuwahi kusema lolote juu ya ua lile, la kulisifu wala la kulilaumu. Jioni ya ugomvi ule alikwenda pwani, akarudi na wavu mkuukuu uliokwisha kushonwa mpaka haushoneki, akachimbia vigingi, akalizungushia. Wavu huo ulikaa miaka.

Kiangazi ndicho kilichokuwa mtihani. Kuanzia Juni mpaka Septemba mvua haipo, na upepo wa kusi unakausha hata nguo nzito kwa muda mfupi. Saa saba mchana majani ya ua la Heru yalikuwa yameanguka yote, yananing'inia, na mgeni angeapa kwamba limekufa. Mama alitukataza kulimwagilia saa hiyo. “Lingojeeni jioni.” Na kweli, jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, majani yalijiinua yenyewe, moja baada ya jingine. Hapo tulijua udongo bado una maji, na kwamba mchana ua lilizidiwa na joto tu. Likibaki limeinama hadi giza kuingia, ndipo ndoo ilipochukuliwa. Chini yake mama alitandaza makapi ya mawese, zile nyuzinyuzi zinazobaki baada ya kutwanga na kukamua chikichi, tabaka nene la kiganja kizima. Makapi hayo yanashika unyevu kuliko nyasi, na udongo ulio chini yake ulikuwa wa baridi hata mchana.

Maji tuliyochukua yalikuwa ya ziwa. Yalikuwa karibu, na kila kitu Kagunga kilifanywa kwa maji hayo, kupika, kufua, kuoga. Pamoja na maji, ua lililishwa kila kilichobaki nyumbani: vichwa vya migebuka, dagaa walioharibikiwa na mvua kabla ya kukauka, na majivu ya jikoni. Likanenepa. Na mwaka lilipochanua, mvua za vuli zilipoanza, lilitoka rangi ya waridi.

Mama alisimama mbele yake muda mrefu. Alikuwa amengoja buluu. Shangazi alipokuja tena, kabla hata ya kupewa maji ya kunywa alivutwa mkono hadi nyuma ya nyumba.

“Wifi, hili siyo lile.”

“Wifi, nimekukatia kwenye mama yake mwenyewe. Pale mlangoni, mkono wa kulia.”

“Mama yake ni wa buluu.”

Shangazi akalizunguka, akaligeuza jani, akainama kunusa kana kwamba harufu ingemjibu. Akasema, “Basi ninyi mmelilisha nini?”

Nilikuwa mdogo, lakini swali hilo lilinibaki, kwa sababu lilikuwa swali la haki kabisa na hapakuwa na mtu pale wa kulijibu.

Siku hiyo ndiyo niliyolitazama ua lile kwa karibu mara ya kwanza. Nililikuta limeundwa na maua madogo mengi yaliyobanana, kila moja na vipande vinne laini vyenye mishipa myembamba. Vipande hivyo watu huviita petali, lakini ni sepali zilizopanuka na kupata rangi. Ua la kweli ni kile kitone cha katikati, kidogo kuliko punje ya mtama, nacho kwenye aina hii mara nyingi hakizai mbegu. Ndiyo maana linahitaji mkono wa mtu. Lisipokatwa kijiti na kupelekwa mahali, haliendi kokote. Asili yake ni Japani. Mwaka 1789 Joseph Banks alilifikisha kwenye bustani ya Kew, London, kutoka China, na tangu hapo limekuwa likibebwa kijiti kwa kijiti, hadi likawafikia wamisheni na walowezi waliolipenda kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki. Safari ya mwisho, ya lori na boti na mapaja ya shangazi, sijaiona imeandikwa mahali popote, na kwangu ni sehemu kamili ya historia hiyo.

Jibu la swali la shangazi nililipata shuleni, mjini Kigoma. Mwalimu wa kemia alituonyesha karatasi za litimasi, nyekundu na buluu, akaniruhusu nichukue vipande vichache likizo. Nilivibeba katikati ya daftari. Siku niliyofika nyumbani nilichovya kipande chekundu kwenye ndoo ya maji ya ziwa, kikawa buluu mbele ya macho ya mama. Nikakichovya kingine kwenye maji ya kijito kinachoteremka mlimani, kikabaki kilivyo.

Ziwa Tanganyika lina magadi. pH ya maji yake inakaribia 9. Udongo ukiwa na tindikali, pH ya 5 au 5.5, alumini iliyomo ndani yake huyeyuka, mizizi ya haidrenjia huinyonya, na ua hutoka buluu. Udongo ukiwa na magadi alumini hiyo hujifunga, mizizi haiipati, na ua hutoka waridi. Milima ya Buha ina udongo mwekundu uliochujwa na mvua za miaka mingi, wenye tindikali, ndiyo sababu maua ya shangazi yalikuwa buluu bila yeye kufanya lolote. Sisi tulikuwa tumelinywesha ua letu ziwa, tukaliongezea majivu na mifupa ya samaki, vyote vinavyosukuma udongo upande uleule. Litimasi na ua vinakwenda kinyume: kitu kile kinachofanya karatasi kuwa buluu ndicho kinachofanya ua kuwa waridi. Mama alilielewa hilo upesi kuliko nilivyolielewa mimi darasani. Aliuliza kitu kimoja tu: “Na ile manjano ya majani?”

Kwa kweli majani machanga yalikuwa yameanza kuwa manjano, huku mishipa imebaki kijani. Ilikuwa ni hiyo hiyo sababu. Kwenye magadi hata chuma hakipatikani, na jani lisilopata chuma linapauka. Kwa hiyo suala halikuwa rangi peke yake. Ua lilikuwa na njaa katikati ya chakula.

Kuanzia hapo mimi na dada yangu tulipewa kazi ya kijito. Ni mwendo wa kupanda, mawe yanateleza, na ndoo ikijaa ni kuteremka nayo polepole. Dada alinung'unika, na alikuwa na haki, maana kwa wakati ule ule ziwa lilikuwa limelala hatua chache kutoka mlangoni. Agosti kijito kilipungua hadi kuwa uzi. Masika tulikinga maji ya paa kwenye pipa, na hayo ndiyo yaliyolifaa kuliko yote. Mama akaongeza jambo moja la kwake. Watu wa Kalinzi, wenye kahawa na migomba huko juu, walikuwa wakiteremka na ndizi na maharage kubadilishana na dagaa. Akamwomba mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi, amletee kikapu cha udongo mwekundu wa shambani. Yule mama alileta, akakataa kulipwa samaki kwa udongo. Akasema udongo hauuzwi. Mama akampa dagaa hata hivyo, kwa jina la watoto wake.

Udongo ule ukamwagwa upande mmoja wa kichaka, pale maji ya paa yalipodondokea. Upande wa pili, karibu na mlango wa jikoni, watu waliendelea kumwaga maji ya kuoshea vyombo kwa mazoea, na mama hakuwazuia. Msimu uliofuata ua la Heru likachanua buluu upande wa paa, waridi upande wa jikoni, na katikati zambarau ya aina ambayo sijaiona tena kwenye kichaka chochote. Majirani walikuja kutazama. Wavuvi wazima, wenye harufu ya mafuta ya taa ya karabai mikononi, walisimama nyuma ya wavu wa baba na kuuliza kama hayo ni maua mawili. Shangazi alipofika hakusema neno kwanza. Kisha akasema, “Wifi, la kwangu sasa linanichosha,” akaomba akatiwe kijiti arudi nacho Heru.

Kupogoa mama alijifunza kwa kutazama. Vichomozi vya mwaka ujao hutungwa kwenye vijiti vya mwaka huu, kwa hiyo anayekata kiangazi, kabla ya mvua, anakata maua ambayo bado hayajaonekana. Mama alikata mara tu ua lilipoanza kukauka, juu kidogo ya jozi ya vichomozi vilivyonona, na vijiti vikongwe aliviondoa kabisa chini.

Mwaka 2015 nilikuwa naishi Kigoma mjini. Mwishoni mwa Aprili, baada ya Rais wa Burundi, Pierre Nkurunziza, kuteuliwa kugombea muhula wa tatu, Warundi walianza kuvuka kuja Kagunga, na Mei ufukwe ule mdogo ukawa umebeba makumi ya maelfu ya watu. Walilala mchangani, palepale pa kuanikia dagaa, na migongoni mwao mlima. Kipindupindu kikaingia, kikaua watu zaidi ya 30. Liemba, meli ileile waliyoizindua Wajerumani Kigoma mwaka 1915, ilitia nanga mbali kidogo, mitumbwi ikawa inapeleka watu kwake, mamia kwa safari. Niliwaona wakishuka Kigoma, wakipelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu kambi ya Nyarugusu. Mama alikataa kuondoka Kagunga. Alinieleza baadaye.

Ua wa nyumba ulijaa watu. Wavu, uliokuwa wa pili au wa tatu kuchukua nafasi ya ule wa baba, ukang'olewa ili kufunika watoto. Maji ya pipa yakachemshwa na kunywewa, kama ilivyopasa. Kichaka kikakanyagwa na matawi yake mengi kuvunjika, na mama hakumkaripia mtoto yeyote. Miongoni mwa waliolala pale alikuwamo mwanamke wa makamo kutoka juu, Bururi. Kirundi chake na Kiha cha mama vilisikilizana bila mkalimani. Asubuhi moja mama alimkuta amechuchumaa, anaokota matawi yaliyovunjika, anayakata majani nusu kwa meno kwa kuwa hakuwa na kisu. Alikuwa na maua hayo kwao. Wakayapanda pamoja, wawili hao, chini ya mwembe, kwenye makopo ya mafuta ya msaada. Yule mama akapanda Liemba kabla mizizi haijatoka. Mama alisema hakumuuliza jina kwa sababu siku zile kuuliza jina kulifanana na kuandikisha.

Vingi kati ya vijiti vile vilishika. Ndivyo vilivyonifikia mimi Mwanga, mjini Kigoma, na ndivyo mama alivyovigawa Kagunga kwa kila aliyetaka, hadi Zashe.

Sasa mama anaishi na mimi sehemu kubwa ya mwaka. Ua langu ni la waridi tupu, kwa sababu maji ya bomba Kigoma yanavutwa kutoka ziwani, na kijito cha kuchota maji hapa mtaani hakipo. Mwaka jana binti yangu alisoma kwamba shabu, ile ya kusafishia maji, ina alumini ndani yake. Tukaenda soko la Ujiji, tukanunua kipande, tukakisaga, kijiko kimoja cha chakula katika lita nne za maji ya mvua, tukamwagilia taratibu pembeni mwa shina, wala hatukukaribia shina lenyewe. Mama alikuwa amekaa barazani anatutazama. Alimwita binti yangu akamwambia, “Weka kwa hilo la mama yako. La kwangu lililoko Kagunga msilipelekee. Linajua maji yake.”

Binti akamjibu, “Bibi, lakini la kwako lilikuwa na rangi mbili kwa sababu ulilipelekea udongo wa Kalinzi.”

Mama akanyamaza kidogo, akasema, “Udongo ni udongo,” na wakaendelea kubishana hadi chakula kikaiva.